Turudishie Ile ya Jumanne

Mwalimu wa kwaya alivua miwani, akaiweka juu ya kibodi, akasema, "Hapana. Hizi ngoma zimemeza sauti ya kwanza yote. Turudishie ile ya Jumanne."

"Sawa, Mwalimu. Nipe dakika moja."

Dakika hiyo ilikula nusu ya usiku. Studio yangu iko Kisumu, upande wa Kondele, chumba kimoja chenye magodoro ukutani na feni tunayoizima kila tukirekodi. Ndani ya folda ya kwaya ile kulikuwa na mafaili saba: Misa, Misa mpya, Misa final, Misa final 2, Misa ya mwisho, Misa ya mwisho kabisa, na moja nililoliita Tumia hii. Jumanne halikuwapo. Nikatazama tarehe. Hazikunisaidia, kwa sababu Alhamisi nilikuwa nimeyafungua yote nikiyasikiliza, na kila nilipofunga moja programu iliniuliza kama nataka kusevu, nami nikaitikia kama mtu anayeitikia salamu njiani. Yote saba yalikuwa yameandikwa upya Alhamisi.

Huu ni mwaka wangu wa kumi na moja katika kazi hii: benga, ohangla, kwaya, matangazo ya redio, na uchaguzi ukikaribia, nyimbo za kuwasifu watu ambao sitawataja. Mteja hajui faili wala hana haja ya kulijua. Anachokumbuka ni siku na tukio. "Ile kabla hujaleta ngoma." "Ile tuliyorekodi mvua ikipiga mabati." "Ile ambayo Mama alilia." Kazi ya programu, ukiacha kurekodi kwenyewe, ni kunirudisha pale anapopataja bila kuniharibia hapa nilipo. Programu nyingi zinaweza. Shida ni kwamba kila moja ina njia yake, zinatumia maneno yaleyale kwa mambo yasiyofanana, na sisi watu wa studio tunabofya kwanza, maswali tunauliza matangani.

Tuanze na swali ambalo vijana wanaokuja kujifunza kwangu hulionea aibu kuliuliza: ukisevu, umesevu nini?

Chukua wimbo wenye treki kumi na mbili, yaani kila chombo au mwimbaji na mstari wake, umerekodiwa kwa 48,000 Hz na biti 24. Kila treki inakula karibu MB 8.6 kwa dakika. Benga haina haraka, dakika sita ni kawaida, kwa hiyo una MB 620 hivi za sauti kabla mtu hajasema "turudie". Sauti hizo hukaa katika mafaili ya WAV ndani ya folda. Lakini faili la sesheni, lile unalobofya mara mbili asubuhi, huwa na KB mia kadhaa, au MB chache kazi ikiwa nzito. Ndani yake hamna sauti hata chembe. Ni orodha ya maagizo: chukua WAV hii kuanzia hapa hadi hapa, iweke sekunde ya ishirini, ipunguze kidogo, ipitishe kwenye plagini fulani, yaani kiongezo cha kubadili sauti. Katika Reaper na Ardour, ambazo ni programu za kurekodia, unaweza kulifungua kwa programu ya kawaida ya maandishi na kulisoma, ingawa halina utamu wa riwaya.

Fikiria chama cha akina mama. Daftari linasema nani ametoa shilingi ngapi, lakini pesa zenyewe ziko benki. Ukilipiga daftari fotokopi ishirini, pesa hazijaongezeka hata senti. Snapshoti, ambayo mimi huiita picha, ni fotokopi ya daftari. Ndiyo maana ni nyepesi, na unaweza kupiga ishirini kwa siku bila diski kujua. Na ndiyo maana siku pesa zikitoweka benki, fotokopi zako zote ni za kufungia mandazi.

Hilo nililijua kwa kichwa tu hadi siku ya mzee wa orutu.

Alitoka upande wa Siaya na orutu yake imefungwa ndani ya leso. Orutu ina uzi mmoja. Mtu asiyeijua anadhani uzi mmoja hauna mengi ya kusema, lakini mzee yule alipiga wimbo huohuo mara tisa na hakuna mara mbili zilizofanana. Ya nne ilitunyamazisha sote chumbani. Mwenye wimbo akachagua ya saba, kwa kuwa ilienda sawa zaidi na gitaa. Nikapiga picha ya sesheni ikiwa na ile ya nne, nikaipa jina, nikaendelea na ya saba. Nikalala nikijua ya nne iko salama.

Miezi miwili baadaye diski ikajaa. Programu niliyokuwa nikitumia siku hizo ilikuwa na amri ya kusafisha folda kwa kuondoa sauti zisizotumika, nami nikaibofya. Ilitazama sesheni iliyokuwa wazi peke yake, ikaona ile ya nne haitumiki humo, ikaifuta. Picha nyingine kumi na nne zilizokuwa katika folda hiyohiyo hazikuulizwa neno. Mwenye wimbo aliporudi na kusema amebadili nia, anataka ile ya nne, nilifungua picha kwa kujiamini kabisa. Kila kitu kilikuwapo: majina ya treki, viwango, plagini, hata mahali nilipokata pumzi ya mzee. Palipotakiwa kuwa na orutu palikuwa na kisanduku kitupu na maandishi kwamba faili halipatikani.

Nilimpigia mzee simu. Akacheka kidogo, akasema, "Wuoda, siku ile nilikuwa nimetoka matangani. Nikija nitapiga, lakini sitapiga ile."

Tangu hapo nina sharti moja kwa programu yoyote kabla sijaingiza pesa ya mteja ndani yake. Amri ya kusafisha ipitie picha zote zilizomo katika folda, na isifute, ihamishe tu. Ardour hufanya hivyo. Husoma picha zote za sesheni, na sauti isiyotajwa na hata moja huihamishia katika folda ya pembeni. Haifutiki mpaka utoe amri ya pili. Kuna watu huiona hatua hiyo ya pili kuwa usumbufu. Mimi naiona kuwa adabu. Kama programu yako haisemi waziwazi inatazama wapi kabla ya kufuta, iache amri hiyo, nenda mjini ukanunue diski nyingine. Diski ni ghali, lakini mzee wa orutu hauzwi dukani.

Nikiwa bado hapo kwenye picha, kuna mtego mwingine mdogo ambao umewanasa watu wengi kuliko wanavyokiri. Kupiga picha kuna namna mbili. Ya kwanza ni kusema: weka kumbukumbu ya hali hii, mimi naendelea hapahapa. Ya pili ni kusema: naanza njia mpya, nihamishie huko, ya zamani ibaki kama ilivyo. Ardour inazitenganisha na kukuuliza unataka ipi. Pro Tools nayo ina amri ya kusevu nakala huku wewe ukibaki ulipo, tofauti na ile ya kusevu kwa jina jipya inayokuhamisha. Katika programu nyingine, ukisevu kwa jina jipya umeshahama, na hakuna aliyekuaga.

Mimi niliwahi kumiksi kwa wiki mbili ndani ya faili lililoitwa "jaribio la besi". Nilihama bila kujua. Kijana wangu wa studio, ambaye ndiye humtumia mteja kazi, alikuwa akifungua faili lililoitwa kwa jina la wimbo, maana hilo ndilo lililoonekana la heshima. Mteja akawa anapiga simu kila Jumamosi: "Omera, hii mbona ni ileile?" Mimi namjibu asikilize kwa spika nzuri. Wiki mbili tukawa tunatukanana kwa upole. Sasa natazama ukingo wa juu wa dirisha kila nikikaa kitini, kama dereva anavyotazama kioo. Lakini kwa haki, programu ndiyo ingepaswa kunipigia kelele. Jina la picha niliyomo liandikwe kwa herufi ninazoweza kuzisoma nikiwa nimesimama kwenye maiki, na rangi ya ukingo ibadilike nikitoka njia kuu. Si kazi ngumu. Programu hizi zinatuwekea plagini za mwangwi zilizochorwa mbao na skrubu za kutu, zinashindwaje kubadili rangi ya ukingo?

Majina nayo. FL Studio ukibonyeza Ctrl+N husevu toleo jipya na kuongeza namba mwishoni, na Reaper ina amri ya namna hiyo. Ni bora mara elfu kuliko "ya mwisho kabisa", kwa hiyo anza nayo leo. Ila namba haina kumbukumbu. Toleo la 23 ni lipi? Ndiyo sababu ninapopiga picha kwa mkono naandika mwaka, mwezi, siku, kisha tukio kwa maneno ya mteja mwenyewe: "2025-03-11 kabla ya ngoma". Ukitanguliza mwaka mafaili yanajipanga yenyewe. Ukitanguliza siku, tarehe 2 za miezi yote zitakaa pamoja kama ndugu wa mama mmoja, na hutapata kitu.

Saa ni mtihani mwingine. Kompyuta huandika 21:10. Mteja anasema, "Nataka ile ya saa tatu usiku." Siku moja, kichwa kimechoka, nikafungua iliyoandikwa 03:00 nikidhani ndiyo. Kumbe hiyo ilikuwa saa tisa za usiku, niko peke yangu, nimeshasinzia mara mbili, na nimeipa gitaa mwangwi kama inapigwa ndani ya tangi la maji. Mteja akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza taratibu kama niko sawa nyumbani. Siwaombi watengenezaji wa Marekani na Ujerumani wahesabu saa kwa Kiswahili, ingawa wakiamua sitawazuia. Ninachoomba ni kwamba kila ninapopiga picha, inipe nafasi ya kuandika mstari mmoja wa maelezo, na mstari huo uonekane kwenye orodha kabla sijafungua chochote. "Soprano wamerudia ubeti wa pili, Mwalimu ameridhika." Basi. Mpaka programu yako ikupe nafasi hiyo, weka faili la maandishi ndani ya folda ya sesheni na uandike humo. Mimi ninalo, linaitwa SOMA KWANZA, na limeniokoa mara nyingi kuliko plagini yoyote niliyonunua.

Sasa stima.

Mkazi wa Kisumu hahitaji kuelezwa. Mchana jua kali, saa tisa upepo unageuka, ngurumo inasikika upande wa Nandi, na saa kumi na moja mtu yuko kwenye ubeti bora wa maisha yake ndipo taa zinazima. Hapo ndipo utajua programu yako ilifundishwa na nani.

Programu iliyofundishwa vibaya husevu hivi: inafungua faili lako zuri la jana, inalifuta yaliyomo, kisha inaanza kuandika mapya. Stima ikipotea katikati huna la jana wala la leo. Iliyofundishwa vizuri huandika faili jipya pembeni, ikahakikisha limefika kwenye diski kweli, ndipo inabadili majina, jipya likachukua nafasi ya la zamani. Kubadili jina ni jambo la mara moja, ama limefanyika ama halijafanyika, hakuna nusu. Nyingi pia huacha toleo la nyuma yake: Reaper huacha faili lenye mkia wa rpp-bak, Ardour huacha lenye bak, Cubase vilevile. Vijana hupenda kuyafuta mafaili hayo wakidhani ni takataka. Yaache. Siku faili kuu likikataa kufunguka, geuza jina la hilo la bak, lifungue, na pengine utakuwa umepoteza dakika kumi tu.

Halafu kuna kusevu kwenyewe, yaani programu inapojisevia kila baada ya dakika kadhaa. Nina msimamo mkali hapa na nimegombana na wenzangu juu yake. Programu isisevu juu ya faili langu bila amri yangu. Kamwe. Kwa sababu saa nyingi za kumiksi ni upuuzi wa makusudi: napandisha besi mpaka kioo kitetemeke, nazima waimbaji wote nisikie gitaa peke yake, nageuza ngoma nyuma mbele. Mwenzangu mmoja anasema kinga ni kinga. Mimi nasema kinga inayoandika ujinga wangu juu ya kazi yangu ni shambulio. Nakala hizo zikae pembeni, zikiwa na saa zake. Pro Tools huziweka katika folda yake ya akiba, na usipobadili mpangilio huandika moja kila dakika 5 na kutunza kumi za karibuni. Reaper nayo inaweza kuandika mafaili yenye tarehe na saa, na inakupa uchaguzi: isevu wakati wowote, au wakati hurekodi tu, au wakati umesimama tu. Kwenye laptopu kuukuu yenye diski ya kuzunguka chagua isisevu ukirekodi, maana diski ikishughulika na mawili kwa pamoja sauti hukatika. Kisha jizoeze kubonyeza Ctrl+S kila mwimbaji anapokunywa maji. Ardour huandika faili la kusubiri, na ukifungua tena baada ya ajali hukuuliza kama unataka kuirudisha hali ile. Jibu ndiyo, sikiliza, kisha sevu kwa jina jipya, usijibu tu na kuendelea.

Na ikiwa stima imepotea mwimbaji yuko katikati ya kuimba? Hapa watu wengi hutupa kazi nzuri. Faili la WAV lina kichwa mwanzoni kinachotaja urefu wa sauti iliyomo, na mara nyingi kichwa hicho hukamilishwa unaposimamisha kurekodi. Stima ikikatika kabla ya hapo, sauti inaweza kuwa imelala kwenye diski salama lakini kichwa kinasema sifuri, na kila programu unayoijaribu inakuambia faili ni tupu au limeharibika. Tazama ukubwa wake. Kama lina MB 40, si tupu. Fungua Audacity, tumia njia ya kuingiza data ghafi, mwambie biti 24, 48,000 Hz, chaneli moja, kama ulivyorekodi. Ukikosea utasikia kelele kama televisheni isiyo na stesheni, basi badili na ujaribu tena. Nimewahi kutoa shairi zima la harusi humo baada ya bwana harusi kuanza kuhesabu gharama ya kurudia.

Dokezo dogo kwa wanaorekodi kesha: WAV ya kawaida haiwezi kuzidi GB 4, kwa sababu ile namba ya urefu kwenye kichwa ina biti 32 tu. Kwa stereo ya 48,000 Hz na biti 24 hiyo ni saa nne na dakika nane hivi. Kesha likianza saa tatu usiku, kufikia saa saba na ushei umefika ukingoni, na mahubiri makali huwa bado. Angalia kama programu yako inagawanya mafaili yenyewe au inatumia WAV ya namna kubwa. Kama huna uhakika, simamisha na uanze upya wakati wa matoleo, hakuna atakayekuona.

Kuhusu kanisa, huko ndiko nilikojifunza kasoro ya picha inayorudisha kila kitu. Mixa za kidijitali kama Behringer X32 zina picha zao: mpangilio mzima wa mixa unawekwa, na X32 ina nafasi 100. Jumamosi tulifanya mazoezi na kwaya, nikaweka picha nzuri. Jumapili, katikati ya ibada, kwaya ikasimama, nami kwa fahari nikairudisha picha ya Jumamosi. Lakini Jumamosi mhubiri hakuwapo, maiki yake ilikuwa imefungwa. Alikuwa anawakaribisha waimbaji kwa maneno mazuri ambayo kuanzia sekunde hiyo aliyasikia yeye na Mungu wake. Mixa ile ina njia ya kuzikinga chaneli ulizochagua zisiguswe na picha inayorudishwa. Nilikuwa sijawahi kuifungua kurasa hiyo. Sasa chaneli ya mhubiri imekingwa, na kitufe chake kina plasta nyekundu.

Ndani ya programu za studio kasoro ni hiyohiyo kwa sura nyingine. Mwalimu anaposema "turudishie ile ya Jumanne" hamaanishi kila kitu cha Jumanne. Anataka uwiano wa sauti na ngoma, lakini ule ubeti ambao soprano waliurudia Jumatano aubakize. Picha inayorudisha sesheni nzima haiwezi kumpa hilo. Reaper ukiiongezea SWS, ambayo ni kiongezo cha bure, inakupa picha unazoweza kuchagua zibebe nini: viwango vya sauti tu, au plagini tu, au treki ulizozigusa tu. Hiyo ndiyo njia sahihi, na ningependa kuiona kila mahali. Ninakumbuka jinsi wazee walivyorekodi benga kwa kanda miaka ya sabini, pale Kericho kwenye studio ya Chandarana na kwingineko: waliotaka kubadili uwiano walipiga tena wimbo mzima. Sisi tuna vifaa vinavyoweza kurudisha nusu ya Jumanne, na bado tunafanya kazi kama tuna kanda.

Kuhamisha kazi nitakupitisha upesi. Faili la sesheni linakumbuka WAV ziko wapi. Likikumbuka njia nzima, yaani diski D, folda fulani, basi flashi yako ikifika Nakuru na kompyuta ya huko ikaiita E, kila kitu kimepotea ingawa kiko mkononi. Programu nzuri hukumbuka njia kuanzia folda ya sesheni yenyewe. Lakini hata hiyo haikuokoi kama uliburuta sauti kutoka folda ya vitu ulivyopakua na hukuzinakili ndani. Reaper ina chaguo la kunakili sauti zote ndani ya folda unaposevu kwa jina jipya, Ableton Live ina amri ya kukusanya vyote na kusevu, na FL Studio hufunga mradi na sampuli zake katika zip moja. Tumia hizo kila unapomtumia mtu kazi. Mtu akikutumia wimbo kwa WhatsApp na faili lina KB 400, usianze kupakua kwa furaha. Umepewa daftari, pesa zimebaki kwake.

Plagini ambazo mwenzako hana hazisafiri, hakuna dawa isipokuwa kutoa kila treki kuwa WAV kuanzia sekunde sifuri na kuzituma pamoja. Wimbo ukishakamilika mimi hufanya hivyo hata kama simtumii mtu. Baada ya miaka kumi sesheni huenda isifunguke, plagini huenda hazipo, lakini WAV itapigwa. Na wewe kijana unayetumia FL Studio ya kujaribu: inakuruhusu kusevu, lakini haitakufungulia ulichosevu mpaka ulipie. Toa sauti zako zote kabla ya kuifunga. Nimewaona wakilia.

Bakapu nina maneno machache, kwa sababu kila mtu anayajua na hakuna anayeyafanya. Nakala tatu: moja kwenye kompyuta, moja kwenye diski ya studio, moja nje ya jengo. Yangu ya tatu iko kwa dada yangu Mamboleo, ndani ya kabati la vyombo, na kila Ijumaa nampelekea diski na samaki. Hajawahi kuuliza diski ni ya nini.

Mwalimu wa kwaya alirudi mwaka huu na wimbo mpya. Wiki ya tatu akavua miwani, akaiweka juu ya kibodi. Nikajua kinachokuja. "Turudishie ile ya Jumanne." Nikafungua orodha, nikasoma maelezo, nikabofya, nikabakiza sauti za Jumatano. Haikuchukua hata dakika. Akasikiliza macho yamefumbwa mpaka kiitikio cha pili, akatikisa kichwa.

"Hapana. Nilimaanisha Jumanne ya wiki ile nyingine."

Nikashuka mistari minne kwenye orodha, nikabofya tena.